Usichimbe Msingi wa Nyumba ya Uani kwa Siri

Asubuhi nyumbani kwetu, hapa California, huanza na harufu ya mahindi. Mama mkwe wangu, Mama Eduviges, hukanda unga huku akigombana na redio. Jikoni ni hodari, lakini ngazi zimemshinda. Chumba chake kiko juu, na ameshaanguka mara mbili. Kila nikisikia kishindo, moyo hunipasuka.

"Safari ijayo atavunjika nyonga," nilimwambia mume wangu, Filemón.

Wifi yangu alitaka mama apelekwe makao ya wazee, mji wa mbali. Sisi tulitaka kumjengea kijumba uani. Filemón akaenda kuuliza ofisi ya mji.

"Kiwanja chenu ni kidogo," karani akamjibu. "Kanuni ya mji hairuhusu."

Sasa sisi tuna desturi. Mwanamume akikwama, huwaita makumpare, yaani wanaume waliosimamia ubatizo wa watoto wake. Huja Jumamosi na sepetu, nawe unawachomea nyama. Filemón akawaita. Kibali cha kujenga hakuna.

"Ukuta ukishasimama, nani ataubomoa?" akasema.

"Mji! Na gharama utalipa wewe," nikamjibu.

"Kumpare, mkeo anahubiri kuliko padri," mmoja akasema. Wakacheka, wakachimba.

Nikakimbia kwa jirani yetu Otilia, anayefanya kazi ofisi ya msaada wa makazi. Akaja na ndara, nywele zimejaa vibanio.

"Weka sepetu chini, Filemón! Wamekukatalia kwa nini?"

"Udogo wa kiwanja, dada."

"Kwa hilo hawawezi kukukatalia. Jimbo la California limeiwekea miji mipaka. Mji hauruhusiwi kukataa nyumba ya uani eti kiwanja ni kidogo. Kijumba kisicho na ghorofa, kisichozidi futi za mraba mia nane, kikiacha futi nne hadi mpaka wa kiwanja nyuma na ubavuni, kanuni zao za viwanja haziwezi kukizuia. Ukipeleka maombi kamili, lazima wakujibu ndani ya siku sitini. Wala hakuna kikao cha majirani kuja kupiga domo."

Makumpare wakasogea kumsikiliza. Nyama ikaungua, hakuna aliyeigeuza.

"Kumbe mji nao una mkubwa wake?" Filemón akauliza polepole.

"Unaye. Lakini kibali ni lazima. Mkaguzi aone msingi, nyaya na mabomba. Nyumba ya siri ikishika moto, atakayekuwa ndani ni mama yako."

Filemón alilitazama lile shimo kama kaburi. Akaanza kulifukia.

Tulipeleka ramani. Filemón akaitaja sheria ya jimbo. Karani akaenda ndani kuuliza, akarudi, akapokea. Kibali kikatoka. Mafundi wakajenga, mkaguzi akakagua, makumpare wakapaka rangi.

Kwa hiyo mama mwenzangu, ukikataliwa kwenye dirisha la karani, usikate tamaa wala usijenge kwa kujificha. Uliza kwanza: jimbo linasemaje? Kisha chukua kibali.

Siku ya kuhamia, Mama Eduviges aliingia bila kupanda hata kidato kimoja. Akasimama katikati ya chumba, mkono kifuani.

"Jimbo zima hili," akanong'ona, "na milima yake na bahari yake, likakaa kitako kumfikiria kikongwe asiyeweza ngazi?"

"Wako wengi kama wewe, mama," Filemón akasema.

"Najua, mwanangu. Lakini leo niache niamini ni mimi."