Waya Usiotaka Nguo Mbichi

Kwaru. Kwaru-kwaru.

Igoki alifumbua macho gizani. Taa alikuwa ameizima mapema kuokoa mafuta, na Wanja, bintiye wa miaka mitatu, alikuwa amelala kifuani pake. Panya tu, akawaza.

Halafu panya akaongea kwa sauti ya mwanamke.

Sauti nyembamba, tamu, ya mtu aliyeshiba. Ilitoka upande wa pili wa pazia la gunia, alikolala Njeru, mume wake. Igoki alilivuta pazia lile nusura alirarue.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako! Miaka miwili nimekungoja, Njeru. Nimechimbishwa handaki la kijiji hiki na mtoto mgongoni. Unarudi kutoka kambini, hunisemeshi, unalala peke yako kama mjane. Kumbe uko na wa kuongea naye!"

Njeru akacheka. Tangu aachiliwe kizuizini, Igoki hakuwa amekisikia kicheko kile.

"Mama Wanja, pole pole, majirani watasikia. Kuja umwone mwenzako."

Akamshika mkono, akaupeleka mpaka kwenye sufuria. Ndani yake mlikuwa na sikio la simu mbovu, na humo ndimo yule mwanamke alimokuwa akiongea. Nyaya mbili zilitoka hapo mpaka kwenye chupa iliyozungushiwa waya wa shaba, na kando ya chupa vidole vya Igoki vikagusa wembe uliopigiliwa ubaoni, kipande cha risasi ya penseli, na...

"Hii ni pini ya nepi ya Wanja! Nimeitafuta mpaka nikamsingizia mbuzi!"

"Inakwaruza wembe mpaka ipate pahali penye sauti. Muthamia, Mmeru mmoja wa Timau, ndiye alinifundisha kule kambini. Haitaki betri, haitaki stima. Ni redio."

"Na huyo mama?"

"Yuko Nairobi, anasoma habari. Hata hanijui."

Hasira ya Igoki ikakosa pa kukaa. "Sasa mbona ulinificha?"

Njeru akaisogeza sufuria kando.

"Kule kambini niliisahau sauti yako, Igoki. Uso niliukumbuka, mikono, hata vile ulikuwa unanisonya. Sauti ikapotea. Tukaunda redio kwa siri, nikawa nasikiliza kila mwanamke anayeongea, nikitafuta wa kufanana na wewe. Sikumpata. Nikarudi, nikakuta mtoto wangu ananiita mgeni. Nikaona aibu kuongea. Nikasema, acha kwanza nisikilize."

Igoki akaling'oa pazia lote, akalikunja, akamwekea Wanja chini ya kichwa.

"Basi leo unisikilize mimi," alisema, akajilaza kando yake.

Tangu siku hiyo wakawa watu wa chupa moja. Waya mrefu alioufunga Njeru kutoka paani hadi kwenye mti wa mukima, Igoki alikuwa akidhani ni wa kuanikia nguo. Siku moja akautandazia nepi mbichi, na jioni redio ikawa bubu.

"Baba Wanja, mke wako wa Nairobi amenuna."

"Wewe ndiye umemzamisha! Sauti inashuka na huo waya. Nguo mbichi zimeinywa yote."

Igoki akaanza kuanika kwenye ua wa miti. Na kila jioni Njeru alimwekea Wanja lile sikio la simu. Mtoto alisikiliza mdomo wazi, halafu akamkimbilia mama yake: "Mama, mgeni ana watu ndani ya chupa!"

Aliyeharibu mambo ni Kithaka. Alikuwa askari wa ulinzi wa kijiji, na Njeru alipokuwa kizuizini alimletea Igoki sukari na maneno: "Huyo harudi, nifikirie mimi." Igoki alirudisha sukari na maneno yake. Sasa Kithaka akaegemea ua, bunduki begani.

"Mama Wanja, jua lote hili, kamba ya nguo iko wazi na nepi ziko kwa ua. Kwani kamba yenu inaogopa maji?"

Igoki akazitazama zile nepi. Ni mikono yake mwenyewe iliyoifichua siri.

Kabla ya saa ya kafyu Kithaka akarudi na Ndambiri, hedimani, mkuu wa kijiji. Wakaikuta chupa kitandani.

"Si nilikuambia, mzee? Anaongea na wapiganaji wa msituni!"

"Haiongei, mzee," Njeru akasema, uso umemkauka kama wa mtu anayeiona kambi tena. "Inasikia tu."

"Keti, mzee," Igoki akadakia. "Weka sikio hapa ujionee."

Ndambiri akasikiliza. Macho yakamtoka. Ghafla akapaza sauti: "Haloo! Hapa ni Ndambiri wa Karurumo! Nani huko?"

Akangoja. Wote wakangoja.

"Anaendelea tu kuimba," alisema kwa uchungu. "Hana adabu."

"Hajakusikia, mzee. Kutoka huku hakuna anayesikiwa," Njeru akasema.

"Kithaka, hebu jaribu wewe."

"Haloo?"

Wimbo ukaendelea.

"Hata huyu amekukataa!" Ndambiri akaangua kicheko. "Lakini wewe umezoea."

Kithaka akaiva kwa aibu. "Mzee, usidanganywe. Uliza mtoto. Kule mtoni anaambia kila mtu kuna mgeni kwa nyumba hii."

Kicheko cha hedimani kikakatika. Nyumba yenye mgeni asiyeandikishwa, siku hizo, haikuona kesho yake.

"Kuja hapa, kasichana. Hii kitu ni ya nani? Kama ni ya baba yako, mimi naenda kula githeri yangu. Kama ni ya mgeni, hawa wote wanalala boma la askari leo."

"Mzee, mtoto huwa anamaanisha..."

"Mama, nyamaza! Nataka mtoto."

Wanja akamtazama mama yake. Akaitazama chupa. Akamtazama Njeru, aliyekuwa amechuchumaa, amemtegea sikio kama anavyoitegea redio yake. Mtoto akasogea taratibu, akaegemea goti lake, akashika pini ya nepi.

"Ni redio ya baba," akasema.