Milimita Thelathini za Edda

Kila asubuhi ikifika saa tatu kamili, hata kama mwalimu yuko katikati ya hesabu, mwanafunzi wa zamu huinuka, huomba ruhusa na kwenda kusoma kipima mvua. Mwezi ule zamu ilikuwa yangu, na sitaki kuwadanganya, nilikuwa naringa. Nilitoka darasani polepole ili wote wanione.

Kipima mvua cha shule yetu, iliyoko Singe, ni chupa ndefu yenye mistari, imefungwa kwenye nguzo ndani ya uzio, nyuma ya darasa la sita. Uzio umejengwa na Halmashauri ya Mji. Chupa na mfumo wa kutuma ujumbe vimeletwa na kampuni moja ya vijana wa hapa Babati. Sisi wanafunzi ndio tunaosoma. Tukituma namba kwa simu, jioni wakulima wa Singe hupata ujumbe: subirini, au pandeni.

"Bwana shamba ni mmoja, mashamba ni mengi," Mwalimu Nestory, msimamizi wetu, alituambia siku ya kwanza. "Serikali peke yake isingeweza, na kampuni peke yake isingeaminiwa. Ndiyo maana wameshirikiana, na ninyi mmo."

Siku za mapumziko mwenye zamu huenda vilevile, kisha hutuma kwa simu ya nyumbani.

Jumamosi moja usiku mvua ilinyesha kwetu Nakwa. Ilipiga bati mpaka mama na mimi tukawa tunaongea kwa ishara. Jumapili asubuhi njia ilikuwa tope tupu, na mimi nilikuwa nimepangiwa kuanzisha wimbo kanisani. Ningekwenda Singe ningechelewa. Nikajiambia, mvua si nimeisikia kwa masikio yangu? Wiki iliyotangulia mvua ya kelele kama ile ilitoa ishirini na tano, na hii ilizidi. Nikachukua simu ya mama, nikaandika thelathini, nikatuma. Wimbo niliuanzisha vizuri sana, hata padri alitabasamu.

Jumatatu nilitoka nyumbani viatu vikiwa na tope. Nilipokaribia Singe, bodaboda ikanipita na kunimwagia vumbi. Nikasimama pale pale barabarani. Vumbi limetoka wapi tena? Nikakimbia mpaka kwenye uzio. Ndani ya chupa mlikuwa na milimita tatu tu. Karibu mvua yote iliishia kwetu Nakwa.

Hakuna aliyeniona, na kama ningenyamaza hakuna ambaye angejua. Lakini ng'ambo ya uzio nilimwona Mzee Paskasi, jirani wa shule, ameshafunga ng'ombe kwenye plau. Nyuma yake mkewe, Bibi Romana, alikuwa akidondosha mbegu za mahindi. Mbegu ikipata unyevu kidogo huanza kuchipua, kisha jua huiua. Na wale wazee hawakuwa na mbegu nyingine.

Nikazunguka uzio, miguu mizito, nikaingia shambani.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu," Mzee Paskasi alisema. "Mbona unahema hivyo?"

"Babu, naomba msimamishe ng'ombe. Ile namba ya jana sikuipima. Niliikisia nikiwa nyumbani Nakwa. Hapa imenyesha kidogo tu."

Alisimamisha ng'ombe. Hakufoka, na hilo liliniuma kuliko kufokewa. Aliinama akachimba udongo kwa vidole, ukatoka mkavu.

"Alfajiri nilichimba hivi hivi," alisema. "Nikamwambia bibi yako, bado. Kisha nikajiuliza, watoto wamepima kwa chombo, mimi nani nibishane na chombo? Nikafunga ng'ombe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Machozi yakaanza kunitoka.

"Utalia baadaye," Bibi Romana alisema. "Sisi tumepanda mistari mitatu tu, itafukuliwa. Kimbia kwa mwalimu, wapo wengine."

Mwalimu Nestory alinisikiliza bila kunikatiza. Akampigia bwana shamba, akampigia na Dada Rogathe wa ile kampuni. Haikupita nusu saa, ujumbe ukatoka: Singe msipande, kipimo cha jana si sahihi. Kwa kuwa wengi huacha simu nyumbani wakienda shambani, Mwalimu aliwatuma darasa la saba wakimbie shamba kwa shamba. Kufikia saa nne kila mtu alikuwa ameacha kupanda.

Mchana Dada Rogathe alikuja mwenyewe. Nilijua nimekwisha. Akakaa nami kwenye benchi, akaniuliza, "Jana kama ungetaka kusema hukupima, ungeandika nini?"

Nikafikiri. "Hakuna pa kuandika, dada. Simu inataka namba tu."

Akamgeukia Mwalimu, aliyekuwa amesimama kando yetu. "Hapo na sisi tumekosea. Tulimwachia mtoto nafasi ya namba, hatukumwachia nafasi ya ukweli. Leo hii nitaongeza neno 'sikupima'."

"Ongeza," Mwalimu alisema. "Lakini Edda, kosa lako liko pale pale. Baada ya masomo utakwenda kufukua mbegu za Mzee Paskasi."

Nilikwenda, na wenzangu wanne wakanisindikiza bila kuombwa. Tulifukua mstari mmoja mmoja, tukicheka jinsi tulivyochafuka, na mbegu karibu zote tulizipata. Mzee Paskasi alizipokea, akazipuliza vumbi.

"Sikiliza, mjukuu," aliniambia. "Halmashauri imejenga uzio, kampuni imeleta chombo. Vyote hivyo havinisaidii kitu mpaka mtoto aende akatazame. Siku usipokwenda, sema hukwenda. Mimi nitasubiri, kusubiri nimezoea. Ila nikipewa uongo nitaufuata kama ukweli, kwa sababu nimekuamini."

"Nisamehe, babu."

"Nimeshasamehe. Kesho anapima nani?"

Nikainamisha kichwa. "Ni mimi. Mwalimu hajaniondoa."

"Vizuri," alisema, akifunga mfuko wake wa mbegu. "Basi sitapanda mpaka uniambie."