Miguu Isiyojua Ngazi

Injinia Atupele Mwambene alikuwa amekaa kitini akinywa chai, na wakati huohuo mwili wake ulikuwa unapanda mlima. Mapaja yalikaza na kulegea, moyo ulikwenda mbio, jasho lilimtoka shingoni. Kushoto kwake mama yake, Bibi Subilaga, alikuwa anatembea bila kuinua unyayo. Kulia, binti yake Lusekelo, mwanafunzi wa darasa la tatu, alikuwa anaruka kamba huku akitafuna biskuti.

Wote watatu walikuwa wamevaa gamba. Jina lake rasmi lilikuwa vazi-misuli: nguo ya kubana iliyofumwa kwa nyuzi zinazopeleka umeme mdogo mwilini, misuli ikajikunja kana kwamba mtu anafanya mazoezi. Atupele ndiye aliyelibuni, na karibu jiji zima la Mbeya lilikuwa linalivaa, maofisini, kanisani, hata saluni.

"Kwa mtoto linajenga mifupa," Mkurugenzi Kaombwe wa kampuni inayolitengeneza aliwaambia wajumbe wa kamati ya elimu waliokaa mbele yao, katika ukumbi wa ghorofa ya juu ya kampuni. "Kwa mtu wa makamo linashusha shinikizo la damu. Kwa mzee linazuia misuli isisinyae. Bibi Subilaga hapa kisukari kilikuwa kimemshinda. Leo sukari yake iko sawa. Sasa kwa nini tuendelee kutenga viwanja vya michezo shuleni, wakati madarasa hayatoshi?"

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hata hivyo Atupele hakutulia. Siku hizi miguu yake ilikuwa inarukaruka hata akivua gamba, kama inayotaka kwenda mahali bila kumwambia ni wapi.

"Mbona unahangaika hivyo?" mama yake alimnong'oneza. "Watu wanakutazama."

Kabla hajajibu, vikombe viligongana. Sakafu ilitikisika, taa zikayumba, mtu akapiga kelele. Mbeya imezoea matetemeko, na hili lilipita upesi. Lakini lifti zote zilijifunga zenyewe, na sauti ya jengo ikatangaza kwamba kila mtu ashuke kwa ngazi.

Wafanyakazi wa ghorofa ile walikuwa na mapaja ya wanariadha. Walifika kwenye ngazi, wakasimama. Kijana mmoja mwenye kifua kipana alishuka kidato cha kwanza, akakosa cha pili, akamwangukia mwenzake. Wengine walikaa chini wakaanza kujiburuta kwa makalio. Kwa miaka mingi walikuwa wamebebwa na lifti na njia-tembezi, zile barabara zinazojisogeza zenyewe chini ya mtu aliyesimama.

Lusekelo alishika ukuta kwa mikono miwili.

"Twende, mwanangu."

"Siwezi, Mama. Miguu yangu haioni."

"Haioni nini?"

"Haioni pa kukanyaga!"

Atupele aligeuka, akaanza kushuka kinyumenyume akimshika mtoto kiunoni, akimwekea unyayo mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa anapapasa kila kidato kwa ncha ya mguu. Juu yao Bibi Subilaga alisema, "Nipisheni, mimi nitajishikilia," akaachia ukuta ili ashike reli ya ngazi upande wa pili. Mkono haukufika. Alipita pembeni yao akiviringika hadi kwenye kona ya ngazi, na Atupele akasikia sauti ya kiganja kikigonga saruji.

Hospitalini daktari alitazama picha ya mfupa, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Kifundo cha mkono kimevunjika, ila nyonga ni nzima. Mifupa ya nyonga ni ya mwanamke wa umri wako, Injinia. Vazi lako limemsaidia."

"Basi kwa nini alianguka?"

"Msuli unapokea amri tu. Anayejifunza ni ubongo, na unajifunza mtu akitembea, akipepesuka, akijizuia. Huyu hajapepesuka miaka mingapi?"

Atupele alimfikiria Lusekelo, aliyevaa gamba tangu chekechea. Bibi alikuwa amesahau. Mtoto hakuwa na cha kusahau.

Kamati ilipokutana tena, Kaombwe alimvuta pembeni mlangoni.

"Sema ni tetemeko, dada yangu. Nani atabisha?"

"Tetemeko lilikuwa limeshaisha tulipoanza kushuka."

"Utatumaliza."

"Wagonjwa wasioweza kuinuka waendelee kulivaa. Watoto nitawasemea."

Aliingia, akasema akiwa amesimama. Hakuficha kitu. Kamati iliahirisha uamuzi, viwanja vikabaki kwa muda, na wiki hiyohiyo kampuni ikampa mtu mwingine ofisi yake.

Jumamosi aliwapeleka mama na binti kwenye mteremko wenye majani chini ya mlima Loleza, bila magamba. Bibi Subilaga alikaa juu ya jiwe, mkono ukiwa kwenye bandeji ngumu, akilalamika kuhusu baridi. Lusekelo alitembea kwa kuchechemea, akaanguka, akalia kwa hasira, akamlaumu mama yake kwa kumvua vazi lake zuri. Kisha mteremko ukamchukua. Miguu ilianza kukimbia yenyewe naye akashindwa kuisimamisha.

"Mama!"

Atupele alimkimbilia. Majani yalikuwa na utelezi, ardhi ilikuwa na mashimo, kila hatua ilikuwa tofauti na iliyopita. Moyo ulimdunda masikioni, na hapakuwa na skrini ya gamba ya kumwambia kama ni mbio au ni hofu. Alipofika, mtoto alikuwa amelala kifudifudi. Goti lilikuwa linavuja damu. Lusekelo aliligusa, akaitazama damu kidoleni kwa muda mrefu, kisha akainuka na kuanza kupanda tena.

Atupele alibaki ameinama, mikono magotini, akitafuta pumzi.

"We Atupele!" mama yake alipaza sauti kutoka juu ya jiwe. "Umesimama nini? Anakuacha huyo!"

Akafuta jasho, akaanza kupanda. Hakuwa na hakika kwamba angemfikia.