Kichupa Ndani ya Soksi

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia maabara alikofanya kazi mama yake mdogo, akamsubiri kwenye chumba cha nje ili warudi nyumbani pamoja. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini siku hiyo alitulia kama maji mtungini.

"Nimetoa vichupa vitatu kwenye friza sasa hivi," alisema mama mdogo. "Mbona viko viwili?"

Mkuu wa maabara akafunga mlango. "Hatoki mtu mpaka kipatikane. Protini ile haitaki joto. Ikiharibika, majaribio yetu yote yanasimama."

Kichupa kilikuwa ndani ya soksi ya Chiriku, aliyekuwa ameingia ndani na kukinyakua mezani mama mdogo alipogeuka. Mwanzoni baridi yake ilimchoma kifundo cha mguu. Sasa ilikuwa inapungua.

Wiki iliyopita alimsikia mama mdogo akisema kwamba protini hiyo hushika homoni ya tezi ya shingo. Na mama yake Chiriku alikuwa anaumwa tezi hiyohiyo. Mama alikuwa ameacha vidonge akidai amepona, ingawa siku hizi alisinzia akimenya viazi na kuvaa sweta jua likiwaka. "Usimwambie mama yako mdogo," alimwonya Chiriku. "Atanisema mpaka kuche." Basi Chiriku akaona amempatia mama dawa bila kuvunja ahadi.

Sasa hakuwa na pa kutokea. Akinyamaza, kichupa kitaharibikia mguuni pake na mama asipate kitu. Akikitoa, ataulizwa sababu, na siri ya mama itamwagika.

Mama mdogo alikuwa amepiga magoti, anapapasa chini ya meza. "Labda ni mimi," alisema. "Labda nimekitupa na takataka."

Chiriku akashindwa kuvumilia. Akavua kiatu.

"Ninacho mimi, mama mdogo. Nisamehe. Nilitaka kumpelekea mama anywe."

Mkuu alikinyakua, akakitazama kwenye mwanga, akakitumbukiza kwenye ndoo ya barafu. "Kimeanza kuyeyuka, lakini bado kina baridi. Tukitumie leo leo."

"Anywe?" Mama mdogo alimshika mabega. "Hii si dawa, mwanangu! Imetengenezwa kwa utafiti wa maabara tu. Ungeweza kumdhuru. Kwani vidonge vyake vimekwisha?"

"Ameviacha," Chiriku alisema, akaangua kilio. "Alinikataza nisikwambie."

Mama mdogo akamkumbatia.

Jioni hiyo alikaa mbele ya dada yake bila hata kuvua viatu. "Dada, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho tunaenda wote kwa daktari."

Mama hakubisha. Alimvuta Chiriku karibu.

"Kuchukua kitu cha watu ni kosa, na kesho utamwomba mkuu radhi," alisema. "Lakini kosa langu ni kubwa zaidi. Nilikubebesha siri iliyokuwa inaniumiza. Siku nyingine nikikuambia unyamaze na huku unaona naumwa, usinitii. Sema."