Mchezo wa Saa Kumi

Siku redio ilipoongea bila betri, Anisia alikuwa barazani akichambua mchele. Betri yenyewe ilikuwa mbele yake, imeanikwa juani ili ipate nguvu, nyaya zake zikining'inia. Ndani mtu akakohoa, kisha akasema kwa Kiswahili laini cha pwani: "Wapenzi wasikilizaji, karibuni kwenye sehemu mpya."

Mlangoni ikatoka harufu ya nywele zilizoungua.

Anisia alikuwa mke wa Pantaleo, karani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile ya hamsini. Redio ilikuwa moja tu kambi nzima, nayo ilikuwa ya Pantaleo. Aliipata Mwanza kwenye mnada wa vyombo vya marehemu asiye na ndugu. Tangu hapo, kila saa kumi wachimbaji na wake zao walijaa uani na mikeka yao kusikiliza michezo. Jumatatu vichekesho, Jumatano mapenzi, Ijumaa upelelezi. Pantaleo, ambaye zamani watu walimpita kama gogo, sasa aliamkiwa hata na wazee.

"Baba Generosa," Anisia alimnong'oneza mumewe alipotoka kazini, "betri iko nje. Hiyo inaongea kwa nguvu gani?"

"Nyamaza, mama. Watu wanasikiliza."

Kilikuwa kichekesho. Bibi mmoja mchoyo anabeba chungu cha uji wa moto, anateleza, uji unammwagikia. "Jamani," bibi analia, "nimeiva kabla ya uji!" Uani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Philomena, mama yake Pantaleo, aliyekaa kwenye kigoda karibu na meza ya redio. Anisia naye alicheka, ingawa sauti ya yule bibi ilimfanya amtazame mkwewe mara mbili.

Kesho yake asubuhi Philomena aliteleza jikoni na chungu mikononi. Majirani waliposikia kishindo walikuja mbio, wakamkuta sakafuni, ngozi ya kifua imechubuka kama ganda la ndizi. Akafumbua kinywa, akalia, "Jamani, nimeiva kabla ya uji!" Na wale waliokuja kumsaidia wakacheka. Hawakukusudia. Kicheko kiliwatoka kama kwikwi, na yule mama akawatazama mmoja mmoja wakicheka. Walimpakia kwenye lori la pamba lililokuwa linakwenda Shinyanga, wamfikishe hospitali ya Kolandoto. Alikata roho njiani.

Jumatano ile, matanga hayajaisha, saa kumi watu walirudi na mikeka.

Mchezo ulikuwa wa mapenzi. Mwanamke na kijana wa taa za mgodini wananong'onezana nyuma ya magunia, na sauti ya mwanamke ilikuwa ya Esta, jirani wa Anisia, hata kigugumizi chake kidogo kilikuwemo. Mabula, mume wa Esta, alisikiliza mpaka mwisho. Akakunja mkeka wake taratibu, akamshika mkewe mkono kwa upole kama bwana harusi, wakaenda nyumbani. Kabla jua halijazama Esta alikuwa na jicho moja.

"Si kweli, Mama Generosa," alimwambia Anisia, damu ikimchuruzika kwenye kitambaa. "Yule kijana hata jina lake silijui. Naapa kwa Mungu."

Anisia alimwamini. Ndiyo maana Ijumaa alishangaa kumwona Esta wa kwanza kuketi uani.

"Umefuata nini hapa, dada yangu?"

"Nataka kusikia zamu ya nani," Esta akasema.

Zamu ilikuwa ya Valerian, mchimbaji mgeni kutoka Bukombe. Mpelelezi wa redioni alimtaja mwizi wa dhahabu kuwa ni mtu mwenye kovu shingoni. Valerian alijishika kovu lake tu, basi. Walimburuta mpaka kwenye lundo la mawe, na Anisia, aliyekuwa amemziba mwanawe macho kwa khanga, aliisikia redio nyuma yake ikipiga muziki wa kufungia kipindi huku mawe yakiendelea kuanguka, moja, na jingine, na jingine, hata pale ambapo hapakuwa tena na mtu wa kupiga kelele.

Usiku ule alimwomba mumewe waichome redio.

"Wakikosa redio, mimi ni nani?" Pantaleo akauliza. Hakuwa anatania.

Basi Anisia akamwendea Sikujua, mganga aliyetoka Ushirombo, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi. Sikujua alifika asubuhi Pantaleo akiwa kazini. Alinusa redio, akatema mate.

"Jini hili halikai kwenye sanduku, mayu, mama yangu. Sanduku ni mlango tu. Linakaa masikioni mwa watu, na linakula kile wanachofurahia kusikia."

Waliichoma redio uani. Ililia kwa sauti ya Philomena, ikacheka kwa sauti ya Valerian, kisha ikawa majivu. Sikujua akasaga mizizi, akamdondoshea Anisia dawa ya moto katika kila sikio.

"Sasa waite wenzako. Asiyetiwa dawa leo, mimi sina langu naye."

Anisia alizunguka kambi nzima akigonga milango. Hakuna aliyekuja. Mabula alimfungia mlango usoni. Esta alimwambia, "Mimi limeshanila. Kwa nini nisiwaone wengine wakiliwa?" Pantaleo, aliporudi mchana na kuyaona majivu, alimbeba Generosa, binti yao wa miaka sita, kabla hajatiwa dawa, akatoka naye. Sikujua akafunga mkoba wake akaondoka, wala hakuaga.

Anisia alimtafuta mtoto mgodini, sokoni, kanisani, na jua lilipoanza kuelemea magharibi akarudi nyumbani akiwa hoi, akakuta uani kumejaa, watu wote kwenye mikeka yao, wameielekea meza tupu, vichwa vimeinama upande mmoja, kimya kabisa, Generosa akiwa mapajani mwa baba yake, na ile harufu ya nywele zilizoungua imetanda hewani kiasi kwamba ilimbidi ashike pua.

Yeye hakusikia chochote. Upepo tu, na kuku.

Ghafla wote wakacheka, kwa pamoja, mahali pamoja, wakaacha pamoja. Kisha wakageuka wakamtazama.

"Esta," Anisia alinong'ona, "mnasikia nini?"

"Shh! Usituharibie," Esta akajibu bila hasira, jicho lake moja liking'aa. "Mchezoni ndiyo kwanza umeuliza."

Anisia akapita katikati yao akiwakanyaga miguu, akamshika mwanawe mkono ili amvute waondoke. Mikeka ikamwachia njia. Hakuna aliyemzuia, walikuwa wakitabasamu, wamebana pumzi, kama watu wanaongoja neno wanalolijua. Generosa peke yake ndiye aliyekuwa analia. Alikuwa ametega sikio mezani, akisikia kitakachompata mama yake.

"Mama," akasema, "usigeuke."