Simu ya Mwisho Kwenye Orodha

Foleni ya hospitali ilikuwa imepinda mara mbili, na katikati yake ilisimama ngazi. Juu ya ngazi alikuwa fundi wa mtandao, binti mwembamba wa suruali ya kaki na kilemba cha kijani, akivuta waya darini.

"Fundi, ukianguka nitakuandikisha bure," alisema kijana wa mapokezi, shati lake jeupe limenyooshwa mpaka lingeweza kusimama lenyewe.

"Mimi nikianguka nakuangukia wewe."

"Basi ngoja nisogee karibu."

Foleni ikacheka. Fundi akakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

Baada ya miezi minne hakuna daktari wala mfagiaji asiyejua kuwa wawili hao wanapendana. Wenzake Fundi walimtania: "Shemeji akikohoa tu, unambadilishia waya." Neno hilo likamchoma. Kazi ile aliipata kwa jasho, hakutaka isemwe anapendelea mtu. Basi siku ya kupanga umeme wa swichi mpya, kile kisanduku kinacholisha simu na kamera umeme kwa waya uleule wa mtandao, ilibidi aandike orodha ya umuhimu, ili wa mwisho azimwe kwanza umeme usipotosha. Simu ya mpenzi wake akaiweka mkiani kabisa, ndiyo ya kutolewa kafara.

Hatari hakuiona. Vifaa vyote vilikula wati themanini na nane. Swichi ilitoa mia na kumi na tano. Ziada tele.

Kisha kijana akaletewa fomu ya uhamisho wa mwaka mzima, tawi la mbali.

"Ukisema nibaki, siisaini," alimwambia getini. "Wanazikusanya Ijumaa saa kumi. Nipigie ya mezani, si unajua simu zetu za mkononi hufungiwa kabatini."

"Na nisipopiga?"

"Nitajua umesema niende."

Ijumaa Fundi alikuwa kazini upande wa pili wa mji. Saa tisa na nusu mawingu yalikuwa yameshafunga, mchana ukawa giza. Akajibanza barazani, akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu mashine ikamwambia aache ujumbe.

"Ananiringia," akasema, mvua ikimrukia miguuni. "Mimi sibembelezi mtu."

Jumatatu kwenye kiti cha kijana alikaa mwingine.

Wiki saba Fundi alipitia mlango wa nyuma asiyaone mapokezi. Kila jioni aliandika "Ulifika salama?", akafuta, akaandika tena, akafuta.

"Mdogo wangu," dada yake akamwambia, "unamnunia mtu ambaye hata hakuoni?"

Ndipo mhudumu mpya alipomwita. "Fundi, simu hii kila wingu likifunga inakufa. Ina ugomvi na mvua?"

Akaingia chumba cha swichi, akafungua kumbukumbu zake. Kukiwa giza, kamera zote kumi huwasha taa zao za kuonea, na kila moja huongeza wati tatu. Thelathini. Ziada yake ilikuwa ishirini na saba. Alikuwa amepiga hesabu ya wakati wa jua tu. Swichi nayo ilitii agizo: ikamzima wa mwisho kwenye orodha. Ijumaa ile, kuanzia saa tisa na dakika ishirini na nane mpaka saa kumi kasoro kumi.

Akaketi sakafuni. Akapiga simu tawi la mbali.

"Mapokezi, karibu."

"Ni mimi. Siku ile nilipiga mara tatu. Simu yako niliizima mwenyewe."

"Unasemaje, Fundi?"

Akamweleza: kamera, mvua, orodha. "Nilikuweka mwisho watu wasiseme nakupenda."

"Na walikuwa wanajua."

"Tena wote."

"Niliona kioo cha simu kimezimika," kijana akasema polepole. "Kilipowaka nikakikodolea macho mpaka mkusanya fomu akanigusa bega. Ungesema nini?"

"Baki."

"Nimeshasaini, mpenzi."

"Najua. Mwezi ujao nina likizo ya siku nne. Nakuja."

"Zitatosha?"

"Hazitatosha. Kata basi, una foleni."

"Kata wewe."

Hakukata mtu. Huko mbali mkono wa simu ukalazwa mezani, na Fundi akafumba macho, akamsikiliza akihudumia foleni.

"Dirisha la pili, mama. Taratibu, hakuna haraka."