Pengo Katika Chati ya Mzee

Mvua iliwafungia watu ndani ya ukumbi wa kungojea dawa, waliopata na waliokosa, hadi ukumbi ukanuka makoti mabichi. Juu ya dirisha la mfamasia ilining'inia skrini yenye jedwali la namba za wagonjwa. Jedwali lilikuwa limeganda. Namba moja iliwakodolea watu macho, na mwenye namba hiyo alishakwenda zake zamani.

"Aliyetengeneza jedwali hili," alisema msichana mmoja bila kupunguza sauti, "Mungu ampe wakwe wenye midomo."

Kijana aliyesimama karibu naye akakohoa. Alikuwa mrefu, amevaa shati la kijivu lililopigwa pasi mbele tu; mgongo ulijitegemea wenyewe.

"Dada, laana yote hiyo kwa kosa dogo?"

"Kwani unamjua?"

"Sana. Tunavaa viatu vimoja."

Msichana akaviangalia viatu. "Ndiyo maana vimechoka."

Alikuwa na gauni la bluu iliyokoza, mkanda mwembamba, na hereni sikio moja. Ya pili ilibaki mlangoni kwenye msukumano. Kijana akajitetea kwamba hospitali hiyo ilikuwa bado inatumia toleo la zamani, linalobeba safu zote kwa mkupuo, wakati jipya hubeba zile tu zinazoonekana. Angemwambia msichana mwingine yeyote maneno hayo, angeonekana mgonjwa wa kichwa. Huyu alicheka.

"Kumbe ni wa kampuni ile! Jumatatu naanza kazi kwenu. Upande wa chati."

Nyuma yao, kwenye benchi, mzee mmoja, baba yake kijana, fundi saa aliyekwisha kustaafu, akainua fimbo. "Mwanangu, ukimaliza kutukanwa, niletee maji." Halafu akamnong'oneza, sauti yake ikasikika hadi dirishani: "Huyu ana ulimi. Nyumba isiyo na ulimi ni stoo."

Kampuni yao haikuuza programu nzima. Iliuza vipande: jedwali lililo tayari, chati iliyo tayari, ili watengenezaji programu wengine wanunue na kubandika kwenye kazi zao, kama seremala anunuavyo bawaba badala ya kuzifua mwenyewe. Kijana alikuwa mtu wa majedwali, na ofisini wakamwita hivyo hivyo, Jedwali. Msichana akaitwa Chati. Mapenzi yao yalianza kwa ugomvi, na waligombania kitu ambacho hakipo.

Toleo jipya zaidi lilikuwa bado jikoni. Jedwali lake lingepanga safu kwa mafungu, na lingeficha lenyewe kila safu isiyo na kitu. Chati ya msichana ingejichora kutokana na jedwali hilo, na pale penye siku isiyo na namba, mtumiaji angechagua mwenyewe: aunganishe mstari, au aache pengo.

"Safu tupu ni ya nini?" kijana aliuliza. "Ni kama mgeni asiyeongea wala kuondoka. Inakula nafasi."

"Pengo nalo ni habari, mpenzi. Mtu asipotokea kazini, huulizi?"

"Umesema mpenzi?"

"Nani? Mimi?"

"Wewe."

"Basi liweke kwenye toleo jipya."

Mzee alikuwa na presha. Jedwali alikuwa amemtengenezea ukurasa kwenye simu. Kila asubuhi anajipima, anaandika namba. Chati akauongezea mstari mwekundu wa kupanda na kushuka, na kwa mkono wake mwenyewe akauwekea mpangilio wa kuacha pengo.

"Mzee, siku usipopima, mstari utakatika. Nikiona pengo nakuja na kiboko."

"Mkwe, kwa kiboko hicho nitaruka siku makusudi."

Shangazi, dada yake mzee aliyekaa naye nyumba moja, alijifanya kukunja nguo, lakini alicheka mpaka nguo zikakunjuka. Nyumba ile ilikuwa na furaha wakati huo. Nasema mapema, kwa sababu haikudumu.

Toleo jipya lilipokamilika, Jedwali, kwa kiherehere cha mtu apendaye kazi yake, akalijaribu kwanza kwenye ukurasa wa baba yake. Akaona linakwenda vizuri, akapanga shati lake, akasafiri kwenda kulionyesha kwa wateja mji wa mbali. Jioni alipiga simu.

"Umenikumbuka?" Chati aliuliza.

"Nimekukumbuka mpaka nimeita chai kwa jina lako."

"Ikaitika?"

"Ilikuwa baridi."

"Basi siyo mimi. Lala salama, kichwa maji."

Kisha akampigia baba yake. "Baba, naona mstari wako umetulia."

"Umetulia kama mwenyewe," alijibu mzee, akiwa amelala chali na kitambaa kibichi juu ya paji la uso.

Namba zilikuwa zimepanda. Mzee aliziandika, akazitazama, akazifuta. Hakutaka kumvuruga mtoto aliyesimama mbele za watu. Dada yake alimwona. "Unafuta nini wewe?"

"Nyamaza. Nikiacha tupu, mkwe ataona pengo. Atakuja mwenyewe, kimya kimya, bila kumtia kijana hofu."

Na Chati alikuwa akitazama, kila jioni, kabla hajavua viatu. Mstari ulikuwa mzima kama uzi mpya.

Kiharusi kilimkuta mzee akifunga vifungo vya shati.

Jedwali alifika hospitali na kitambulisho cha mkutano bado kikimning'inia shingoni. Ukumbini palikuwa na skrini ile ile. Alimkuta Chati ukutani, kanga begani, macho mekundu.

"Uliunganisha," alimwambia. Hakusalimu.

"Nini?"

"Mstari! Shangazi kasema baba hajaandika namba siku ngapi sijui, na mstari wako unapita tu kama hakuna kitu. Ulisema utaacha pengo. Ukaunganisha ili upendeze!"

Chati akafungua ukurasa kwenye simu yake. Mpangilio wake ulikuwa vile vile alivyouacha: acha pengo. Akarudi nyuma, kwenye jedwali, akakiona. Kisanduku kimoja kilikuwa kimejitia alama chenyewe: ficha safu tupu. Siku ambazo mzee hakuandika kitu zilikuwa zimefichwa kabla ya kuifikia chati. Chati haiwezi kuacha pengo la siku isiyoletewa.

Akafungua kinywa amwambie. Akamtazama yule kijana, kitambulisho shingoni kimeandikwa jina la toleo lake kwa herufi kubwa, midomo imekauka, mkono umeshika ukuta. Akaifunga simu, akaitia mkobani.

"Nisamehe," alisema.

Wapo wanawake wanaovishwa pete. Huyu alijivisha kosa la mwenzake, likamkaa sawasawa.

Mzee hakuamka. Msibani, mbele ya majirani na viti vya kukodi, shangazi alimsimamia Chati aliyekuwa akiosha vikombe.

"Unaosha nini? Kaka yangu alikufa akikungoja! Alisema, mkwe ataona. Hukuona! Ulikuwa unatazama nini, uso wako kwenye kioo?"

Majirani wakageuka. Jedwali alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno, akainamisha kichwa, akakitazama kizingiti. Chati akakausha mikono, akaviweka vikombe kichwa chini kwa mpangilio, akatoka kwa mlango wa jikoni. Wiki iliyofuata aliacha kazi.

Masika yakaisha, yakaja mengine. Kiti chake ofisini kikawa cha kuwekea makoti. Jedwali alikonda, akapandishwa cheo, akazidi kukonda. Jioni alikula mkate akiwa amesimama, maana kuketi peke yake mezani kulimshinda.

Siku moja akapiga simu mteja, mwanamke mwenye ghala la maziwa, sauti kama tarumbeta.

"Baba, chati yenu ina wazimu! Majokofu yangu yalizimika, maziwa yameganda, lakini mstari unaniambia raha mustarehe! Siku zenyewe hazipo!"

"Tatizo litakuwa kwenye chati, mama," alijibu kwa mazoea.

"Mimi sijui chati wala chatu. Nirudishie siku zangu!"

Akafungua chati, akageuza mpangilio huu na ule. Siku hazikurudi. Akaingia kwenye jedwali, jedwali lake, akakuta kisanduku chenye alama. Akaifuta alama. Siku zote zikajitokeza kama watoto waliokuwa wamejificha, na mstari wa maziwa ukakatika vipande.

Akakaa. Kisha, kwa mkono usiotaka, akafungua ukurasa wa baba yake na kufuta alama ile ile. Mstari mwekundu ukakatika hapa, ukakatika pale, na mwishoni ukawa weupe mtupu. Kila kitu kilikuwepo. Hata kipofu angeona.

Akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga namba ambayo hakuwahi kuifuta.

"Ulijua," alisema.

"Umekula?" Chati aliuliza.

"Ulijua tangu siku ile pale ukutani."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema? Nimekuita muuaji moyoni mwaka mzima, kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na baba wa kuzika. Nikuongezee na wewe mwenyewe?"

Alilia pale kwenye ngazi, wafagiaji wakimpita. Alipopata sauti akasema, "Nakuja kwako."

"Usije. Uliponivua nguo ndipo utakaponivisha. Jumapili mchana nitakuja kwa shangazi yako. Na shati lipigwe pasi mpaka mgongoni."

Jumapili Chati alikuja na lile gauni la bluu, limepauka mabegani. Masikioni hakuwa na kitu. Shangazi alimkaribisha kwa mdomo, macho yakabaki mlangoni. Majirani wawili walikuwepo pia. Jedwali ndiye aliyewaita.

Akasimama. "Shangazi, siku za baba zilifichwa na kazi ya mikono yangu. Huyu aliacha pengo lake wazi. Mimi ndiye niliyelificha, na alijua, akanyamaza ili nisianguke. Mlipomtukana, nilikuwa mlangoni. Sikusema kitu."

Shangazi alivuta uzi kwenye kitambaa cha kiti.

"Kwa hiyo siyo huyu."

"Ni mimi, shangazi."

"Na mimi," akasema shangazi, sauti imekwisha. "Nilimwona akizifuta. Alisema nyamaza, mkwe ataona. Nikanyamaza. Kumtukana mtoto wa watu kulikuwa kwepesi kuliko kukumbuka hilo." Akamgeukia Chati. "Mwanangu, sina neno. Vile vikombe, hakuna aliyeviosha vizuri tena."

Chati hakucheka, lakini shavu lilitikisika. Akainuka, akaenda kwenye rafu, akaichukua mashine ya presha ya mzee na kuipangusa vumbi kwa pindo la gauni.

"Kaa. Toa mkono."

"Sina uso wa kukuomba kitu," Jedwali alisema.

"Nani kakuambia uombe? Kaa."

Mkanda ukambana, ukanguruma, ukalegea. Akasoma namba, akakunja uso. "Imepanda."

"Najua."

"Nitapima kesho. Na keshokutwa. Mpaka nikuchoke, na mimi sichoki haraka, muulize shangazi."

Akafungua ukurasa wa mzee, akaiandika namba ya mwana chini ya zile za baba. Nukta nyekundu ikatokea ukingoni, peke yake. Kati yake na mstari wa zamani palibaki weupe mrefu, mpana kuliko kidole. Akamwonyesha. Kidole chake kilikuwa juu ya mpangilio.

"Niunganishe?"

Jedwali akalitazama lile pengo jeupe. Nje mvua ilikuwa imeanza tena.

"Liache," alisema. "Lionekane."